Kengele ya Sita

"Nikishuka nimekwisha," Hester Pomfrey alisema kutoka juu. "Kwa hiyo sishuki. Mwambie huyo bwana wa makaratasi aandike hivyo."

Sajini Nerys Holdaway aliinua uso. Mita saba juu ya kichwa chake, katikati ya matawi ya mwaloni, kijumba cha mbao kilikuwa kimetulia na vidirisha vyake viwili vya bluu. Kwenye kibaraza chake alikaa mjane wa miaka sabini na mmoja, buti za mpira zikining'inia hewani, kikombe cha chai mkononi. Ngazi ya kamba aliyopandia alikuwa ameivuta na kuikunja kando yake. Hiyo ilikuwa siku ya tatu.

"Saa sita kamili mafundi wangu wanaanza kubomoa," alisema Bwana Lyle, afisa wa majengo wa baraza la wilaya. "Nyumba ya kupangisha ikimwangusha mgeni inafungwa. Na hii imeoza, hata huyu mama akae huko mpaka Krismasi."

"Rudia neno hilo!"

"Lipi?"

"Imeoza. Lirudie, halafu usogee kidogo, uje chini ya kikombe changu."

Lyle hakusogea. Saa ilikuwa mbili na nusu, Jumatano, na kijiji kizima cha Stoke Amery kilikuwa kimeshapita njia ile mara mbili mbili, kila mtu na mbwa wake, kila mtu akijifanya anamtembeza.

Nyumba ile ilijengwa na Wilfred, mume wa Hester, fundi seremala kwa miaka hamsini, katika kiangazi chake cha mwisho duniani. Wageni walitoka mijini kuja kulala mtini, kusikiliza bundi na kupiga picha za mapaa ya nyasi. Jumapili iliyopita mmoja wao, Callum Iddon wa London, alikanyaga kipandio cha tano kutoka juu kwenye ngazi kubwa ya mbao. Kipandio kikaachia, naye akaenda mpaka chini. Mguu ulivunjika mahali pawili. Kufika jioni kijiji kilikuwa kimeshahukumu: Wilf, Mungu amrehemu, alikuwa mzee na macho yamechoka, akapigilia mbao mbovu. Kipande kilichoanguka hakikuonekana tena. Kilichobaki ni kisiki cha kipandio kile, bado kimepigiliwa juu kwenye mhimili wa ngazi, na Hester alikuwa amekikalia kama kuku anayeatamia.

"Wewe panda, mwanangu," alimwambia Nerys, akashusha ngazi ya kamba. "Wewe peke yako."

Nerys alipanda. Hakupenda kuwa juu, lakini alipokifikia kisiki alisahau woga. Theluthi mbili za mbao zilikuwa na uso ulionyooka, zimekatwa kwa msumeno wa meno madogo kutokea chini, mahali jicho la anayepanda halifiki. Theluthi ya mwisho ndiyo iliyochanika. Mbao yenyewe ilikuwa ngumu na nyekundu mpaka ndani. Hakukuwa na uozo hata wa kuweka kwenye ukucha.

Alipiga picha, akapima, akaziita namba chini kwa sauti. Lyle alizisikiliza kwa adabu, kisha akasema kile ambacho Nerys alikuwa anakiogopa.

"Sajini, mama huyu amekaa na kisiki hicho tangu Jumapili jioni, peke yake. Msumeno wa marehemu upo bandani. Nani atazuia baraza lisiseme amekikata mwenyewe ili aokoe jina la mumewe?"

Hester aliweka kikombe chini. Ulinzi wake ulikuwa umemgeukia.

Nerys alishuka kidogo kwa kujishikilia kwenye mhimili. Chini ya kisiki, juu ya kipandio kilichofuata, kulikuwa na unga wa mbao. Haukupeperuka alipoupuliza. Ulikuwa umelowa, ukagandamana, kisha ukakaukia pale pale kama uji kwenye sufuria.

"Mvua wiki hii imenyesha mara ngapi?" aliuliza.

"Moja tu," alisema Lyle. "Jumapili, saa saba mchana. Ilinikuta bustanini."

"Na mama Pomfrey alipanda jioni, akitoka hospitali kumpeleka mgeni. Asubuhi ile alikuwa wapi?"

"Kwa dada yangu, maili sita kutoka hapa," Hester alisema. "Muulizeni. Hanipendi, hatanidanganyia."

"Basi unga huu ulidondoka kabla ya mvua. Kabla wewe hujapanda." Nerys aliukwangua ndani ya mfuko wa plastiki. "Wageni walishuka salama saa tatu na nusu kwenda kunywa chai baa. Walirudi saa tano kasoro dakika kumi, Iddon akaanguka. Aliyekata alikata katikati ya saa hizo."

Lyle alikuna kidevu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa fomu. "Niletee jina kabla ya saa sita," alisema. "Bila jina, nina amri mkononi na mafundi njiani."

Jina la kwanza kijiji kilikuwa nalo tayari. Amos Tuffnell, mfugaji wa shamba la jirani, alikuwa amegombana na wageni wa Hester kiangazi kizima kwa sababu ya geti. Walilifungua, wakaliacha wazi, na kondoo dume wake wa mbegu akatembea mpaka makaburini akala mashada ya maua ya wafu wawili. Amos alikuwa ametamka mbele ya watu ishirini kwamba atakiangusha kile kiota.

Nerys alimkuta zizini, amemkalia kondoo mgongoni akimkata kwato.

"Jumapili saa nne asubuhi ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa. Na kondoo mia mbili. Wahoji mmoja mmoja."

"Kanisani hukwenda?"

"Tangu niozeshwe sijarudi. Sikutendewa haki mara ya kwanza." Alimwachia kondoo, akanyoosha mgongo. "Sikiliza, binti. Nimesema nitakiangusha, nimesema kweli. Lakini mimi nikitaka kumwangusha Hester nakuja na msumeno wa injini mchana kweupe, naangusha mti mzima, kisha nabisha hodi kwake kumwambia. Kukata kidogo kidogo chini ya ngazi kama panya, hiyo si kazi yangu. Kata hiyo ikoje?"

Nerys alimwonyesha picha kwenye simu. Amos aliisogeza mbali, akaisogeza karibu, akacheka kwa pua.

"Meno madogo. Huo ni msumeno wa kazi ya kistaarabu. Hapa kijijini wa hivyo ulikuwa nao Wilf, na mwingine anao Godfrey Sturmey, wa kutengenezea magurudumu ya mbao ya kuzungushia kengele za kanisa. Wa Wilf una kutu tangu azikwe, nilitaka kuuazima mwezi jana nikaurudisha."

"Bwana Sturmey saa hiyo alikuwa mnarani anapiga kengele."

"Basi umerudi kwangu," alisema Amos, akamkamata kondoo mwingine. "Nifunge pingu, lakini ningoje nimalize hawa sita."

Nerys hakumfunga. Alipita bandani kwa Hester, akakuta msumeno wa Wilf umening'inia, kutu yake nzima, haujagusa mbao mwaka huu wala uliopita. Halafu akaenda kanisani.

Chumba cha wapiga kengele kilikuwa juu ya ngazi ya mawe ya kuzunguka. Kamba sita ziliteremka kutoka darini, kila moja na shada lake la sufu ya mistari la kushikia. Godfrey Sturmey, nahodha wa wapigaji na mwenyekiti wa kamati ya hifadhi ya kijiji, alimpokea amevaa tai. Alikuwa mtu mrefu, msafi, wa miaka sitini na saba, na alimpa kiti kabla hajaombwa.

"Uliwahi kufika wa kwanza mgeni alipoanguka," Nerys alisema.

"Tulikuwa tumemaliza kupiga. Nilisikia ukelele, nikakimbia."

"Na kabla ya hapo?"

Sturmey alifungua daftari kubwa la jalada la ngozi, akaligeuza limwelekee Nerys. *Jumapili, saa nne na robo hadi saa tano kasoro robo. Kengele sita.* Chini yake majina sita kwa mwandiko mmoja mzuri, na la mwisho, mbele ya kengele kubwa: G. Sturmey.

"Hili ni daftari la mwaka elfu moja mia nane na tisini," alisema. "Mimi jina langu halijakosekana humo Jumapili hata moja kwa miaka ishirini na miwili. Nilipiga na homa. Nilipiga siku moja baada ya kumzika mama yangu."

Nerys alikuwa ameshawapigia simu wapigaji wawili. Wote wawili walimjibu maneno yale yale, kama waliokariri: daftari likisema sita, ni sita. Aliuliza kama wameliona daftari. Mmoja alisema daftari ni la nahodha. Wa pili alikumbuka ana keki jikoni.

"Msumeno wako wa magurudumu uko wapi?"

"Umekwenda kunolewa."

"Lini?"

"Jumatatu." Alisema bila kupepesa.

Ukutani, katikati ya mbao za kumbukumbu za kale, kulikuwa na karatasi mpya iliyobanwa kwa pini. Nerys alisogea kuisoma. Ilikuwa nakala ya barua ya malalamiko kwa baraza, imetumwa Jumapili saa tano kasoro dakika kumi na mbili. *Nimelipia mapumziko, si adhabu. Kelele hizi hazivumiliki. Naambatisha sauti.* Imesainiwa: C. Iddon.

"Ya nane tangu kile kiota kijengwe," Sturmey alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Wanane, Sajini! Wanakuja siku mbili, wanapiga picha mnara, kisha wanaulalamikia kwa kuwa unalia. Baraza linataka kutupunguzia, tubaki na dakika kumi kwa mwezi. Dakika kumi! Kengele hizi zimelia miaka mia nne. Zililia watu wa hapa wakifa kwa tauni."

"Inakuuma."

"Inaniuma, ndiyo. Lakini nilikuwa nimeshika kamba hii hapa."

Nerys alitazama kamba, akatazama barua. *Naambatisha sauti.* Alizaliwa Swansea, karibu na bandari, na kengele pekee aliyoijua ilikuwa ya meli. Lakini alijua kuhesabu, na saa ilikuwa tano na nusu.

Callum Iddon alikuwa kwenye ua wa baa, mguu wenye plasta juu ya kiti cha pili, na mbele yake kifungua kinywa kikubwa chenye soseji na maharage. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mwenye hasira za mtu aliyelala vibaya.

"Mnikamate basi kwa kuchukia kengele," alisema.

"Jumapili ulirekodi ukiwa wapi?"

"Kwenye kiti hiki. Mnara ule pale, unauona? Nilirekodi yote."

"Dakika mbili tatu?"

"Yote, Sajini. Kengele ya kwanza mpaka ya mwisho, nusu saa nzima. Nilitaka wazee wa baraza wakae chini wateseke kama nilivyoteseka mimi."

Nerys alipata hamu ya kumbusu kwenye paji la uso. Badala yake alimwomba simu, na mwenye baa akawapa toroli la mapipa ya bia ili kumsukuma.

Saa sita kasoro dakika saba mafundi wanne walikuwa wameshasimamisha ngazi na jukwaa lao la chuma chini ya mwaloni. Sturmey alikuwa amekuja, tai na fimbo, amesimama pamoja na wanakamati. Amos naye alikuwa pembeni, akinukia kondoo. Lyle alikuwa na amri mkononi. Juu, Hester alikuwa amejifunga kwenye nguzo ya kibaraza kwa kamba ya kuanikia nguo, fundo mbele.

"Wilf alikifunga kijumba hiki na mti huu," alipaza sauti, "nami nimejifunga nacho. Anayekitaka aje achukue vyote viwili!"

"Mama Pomfrey," Nerys alisema, "umewahi kuvuta kengele?"

Sturmey aligeuza shingo.

"Ya nne," Hester alisema. "Miaka thelathini na minane. Mpaka Godfrey aliponifukuza mnarani kwa sababu ya wageni wangu."

"Nisikilizie hii."

Nerys aliweka simu juu ya jukwaa la mafundi na kuifungulia sauti yote. Kengele zilimwagika uwanjani. Lyle alikunja uso, Iddon akaziba masikio kwa vidole viwili. Hester aliinamisha kichwa. Midomo yake ilianza kwenda, kidole kikapiga paja. Watu walingoja mpaka wakaanza kutazamana.

"Hapana," alisema. "Anzisha tena."

Nerys alianzisha tena.

"Sisi hapa," Hester alisema polepole, akiwaambia mafundi na si wanakijiji, maana wanakijiji walikuwa wanajua, "tano ndogo zinabadilishana nafasi, na ile kubwa inakuja mwisho kila mzunguko. Ndiyo inayofunga. Hesabuni wenyewe. Moja, mbili, tatu, nne, tano... na?"

Fundi mmoja alianza kuhesabu kwa vidole. Alifika cha tano, akabaki amekishikilia.

"Na hakuna kitu," alisema.

"Hakuna kitu," Hester alisema. "Huo mnara ulipigwa na watu watano. Ile kubwa haikuguswa. Na ile kubwa ni ya Godfrey."

Sturmey alikuwa mweupe kama shati lake. "Nilichelewa," alisema. "Mgongo uliniuma. Nilipanda baadaye."

"Daftari lako halisemi hivyo," Nerys alisema.

"Niliandika kwa mazoea."

"Ulipanda dakika ya ngapi?"

"Ya... kumi."

Nerys alisogeza sauti mpaka dakika ya kumi na mbili, akaacha wahesabu. Tano. Akasogeza mpaka ya ishirini. Tano. Akasogeza mpaka ya ishirini na nane, na sasa uwanja mzima ulikuwa unahesabu kwa pamoja, hata Lyle, hata Amos ambaye tangu aozeshwe hakutia mguu kanisani. Tano.

"Ungekuwa umeacha mstari wazi," Nerys alimwambia kwa sauti ya chini, "ungesema uliumwa ukalala, ningepata kazi kubwa leo. Lakini miaka ishirini na miwili..."

"Elfu moja mia moja na arobaini na tatu," Sturmey alisema. "Jumapili, si miaka. Sikuweza kuacha pengo."

Hakujaribu kukimbia. Alinyoosha tai.

"Nilitaka kipandio kilegee tu mtu akikikanyaga, ashtuke, aandike barua nyingine, lakini ya kukilaumu kiota," alisema, na sasa alikuwa anawaambia wote. "Sikujua kitaachia mara moja chini ya uzito wake wote. Kwa mguu wake, namwomba radhi. Kipande nimekichoma. Kwa mengine siombi. Mmekaa kimya wote wakati kengele zinanyang'anywa. Mimi sikukaa kimya!"

"Ulikaa kimya siku tatu," Hester alisema. "Siku tatu watu wanamwita Wilf mbovu, na wewe unatikisa kichwa pamoja nao. Ulibeba jeneza lake, Godfrey. Bega la kushoto. Nilikuona."

Hapo ndipo alipoinamisha uso.

Nerys alimsomea haki zake. Lyle alikohoa, akakunja amri ile mara mbili na kuanza kuitia mfukoni.

"Wewe," Hester alisema. "Usiweke. Igeuze uandike nyuma."

"Mama, ofisi itakuletea barua rasmi ndani ya siku kumi na nne za kazi..."

"Andika, la sivyo sishuki na nitakaa hapa mpaka ustaafu."

Lyle alitoa kalamu. Alitumia mgongo wa fundi kama meza. Hester alimngoja amalize, kisha akamwambia asome, kwa sauti ifike mpaka kule barabarani kwenye watu na mbwa wao.

"Kipandio kilikatwa kwa msumeno," Lyle alisoma. "Mbao ni nzima."

"Jina."

Lyle aliandika tena. "Kazi ya Wilfred Pomfrey ilikuwa imara."

"Ni imara," Hester alisema. "Bado ipo. Futa hiyo 'ilikuwa'."

Alifuta. Ndipo Hester alipofungua fundo la kamba, akashusha ngazi, akashuka mwenyewe, polepole, akikataa mikono yote iliyonyooshwa. Alichukua karatasi ile, akaikunja na kuitia ndani ya buti, akampita Sturmey bila kumtazama, akaelekea kanisani.

"Mama!" Iddon aliita kutoka kwenye toroli. "Usiniambie unakwenda kuzipiga!"

"Ziba masikio, mwanangu," Hester alijibu bila kugeuka.

Nerys alimweka Sturmey kiti cha nyuma cha gari na kukaa kwenye usukani. Dirisha lilikuwa wazi. Kwanza sauti ilikuja ndogo, ya kengele inayoanza tu kubembea, kisha ikakua kila pigo, mpaka ile nusu tani ya shaba ikawa inaunguruma juu ya mapaa ya nyasi, moja, pweke, mahali pa sita.

"Anachelewa kuivuta kamba inaporudi," Sturmey alisema. Macho yalikuwa yamemjaa machozi. "Tangu zamani yuko hivyo." Halafu akauliza, kama mtoto, "Tunaweza kungoja amalize?"

Nerys aliwasha gari.

"Wewe Jumapili hukungoja wenzako wamalize," alisema.